Abasia za Yorkshire pamoja na Mama: ipi kwanza, ipi baadaye

Mama yangu ana miaka 74 na ameishi maisha yake yote mahali ambapo kengele ya abasia ya Peramiho, nyumba kubwa ya wamonaki, yaani watawa wa kiume, inamfikia akiwa jikoni. Nilipompigia simu kumwambia kwamba akija Leeds, huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, nitampeleka kuona abasia za huku, jambo la kwanza aliloniuliza ni, "Tutasali nao saa ngapi?" Nikamwambia, Mama, wamonaki hawapo, waliondolewa zamani, zimebaki kuta. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, tunalipa kiingilio kuona kuta?"

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu mnaoishi huku na kupokea wazazi kutoka nyumbani, maana swali lake ni la haki na lazima lijibiwe. Tulizunguka Jumamosi tatu, kijana wangu akiendesha gari. Mimi mwenyewe nilikwishatembelea baadhi ya sehemu hizi nikiwa peke yangu, lakini kwenda na mtu aliyewauzia watawa mboga kwa miaka mingi ni kitu kingine kabisa. Vitu nilivyovipita bila kuvitazama, yeye alisimama navyo nusu saa.

Kwa wasiotoka kusini mwa Tanzania: Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na ikawa abasia mwaka 1931. Baba yangu, Mungu amrehemu, alifundishwa useremala na mabruda kwenye karakana zao. "Sala na Kazi" ni maneno tuliyokua nayo. Kwa hiyo tulipoingia Yorkshire tulikuwa tunatafuta vyote viwili, mahali waliposali na mahali walipofanyia kazi. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza: msiende kupiga picha kanisani tu na kuondoka. Tafuteni jiko, ghala, kinu na mifereji.

Tulianza na Fountains, karibu na Ripon. Ndiyo kubwa kuliko zote tulizoziona na ndiyo inayojulikana zaidi; UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986. Ukifika kwa mlango mkuu unaanzia juu kilimani, na njia ya kushuka ni kali kwa magoti ya mzee. Kama mna mzee, ingieni kwa mlango wa magharibi, ambako njia ni tambarare na unafika kwenye abasia kwa muda mfupi. Wapo pia wanaoazimisha viti vya magurudumu, ila ulizeni mapema kabla ya siku yenyewe.

Historia yake inaanza kwa ugomvi. Mwaka 1132 wamonaki 13 wa abasia ya St Mary's mjini York waliona wenzao wamelegea, wanakula vizuri mno na kuisahau Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Wakadai maisha yarudi kwenye ukali wake. Fujo ikazuka hadi Askofu Mkuu Thurstan akawatoa pale, na tarehe 27 Desemba mwaka huo akawapa kipande cha bonde la mto Skell, porini, katikati ya baridi. Hawakuwa na nyumba. Walijikinga chini ya mti mkubwa, na njaa ilipokuja walichemsha majani na kuyala. Kuna masimulizi yao wenyewe kwamba siku moja alikuja maskini kuomba, na wao wakiwa na mikate miwili na nusu tu. Abati, mkuu wa abasia, akaagiza apewe mmoja. Haukupita muda, bwana wa ngome ya Knaresborough akawaletea mkokoteni mzima wa mikate.

Nilimsimulia Mama hayo tukiwa tumesimama kwenye majani, mbele yetu mnara wa karibu mita 50. Akautazama toka chini hadi juu. "Hawa waliokula majani ndio waliojenga hiki?" Ndio hao, ila miaka karibu 400 baadaye. Mnara ulijengwa na Abati Marmaduke Huby, aliyeongoza tangu 1495 hadi 1526, wakati abasia imeshakuwa tajiri kwa sufi ya kondoo iliyouzwa hadi kwa wafanyabiashara wa Italia. Wamonaki hawa walikuwa wa shirika la Wasistersiani, na sheria zao za mwanzo zilikataza minara ya mawe ya kengele. Mama alisema tu, "Mali huingia taratibu." Sijasikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo juu ya Fountains.

Sehemu ambayo sitaki mtu aikose ni ghala. Upande wa magharibi kuna ukumbi wa karibu mita 90, nguzo zimejipanga katikati, na matao yanatoka kwenye kila nguzo kama matawi ya mnazi. Dari bado lipo zima. Wengi wanaingia wakidhani ni kanisa. Niliwasikia wageni wawili wakinong'ona kwa heshima. Kumbe hapa ndipo walipokaa mabruda wa kazi: sehemu moja walihifadhi mali, sehemu nyingine walikula, na ghorofani walilala. Mabruda hao hawakuwa mapadre na wengi hawakujua kusoma. Ndio waliochunga kondoo, waliolima, waliochonga mawe. Kanisani walikaa upande wao, mbali na wamonaki wa zaburi. Mama alishika nguzo moja kwa kiganja na kukiacha hapo. Baba alikuwa akisema kila mara kwamba Peramiho ilijengwa na mabruda na vibarua, halafu picha wakapigwa wengine. Nilijua anamkumbuka, nikamwacha.

Ingieni pia kwenye chumba cha moto, chenye meko ambayo mtu mzima anaweza kusimama ndani yake. Ukiacha jiko na nyumba ya wagonjwa, hapo tu ndipo moto uliporuhusiwa. Halafu nendeni kwenye kinu. Kilijengwa karne ya 12 na kiliendelea kufanya kazi hadi 1927, yaani abasia ilikufa na kinu kikasaga karibu miaka 400 zaidi. Maji ya Skell yenyewe yalielekezwa kupita chini ya majengo, yakasafisha vyoo. Bustani za maji zilizo mbele, zilizotengenezwa na John Aislabie katika karne ya 18, ni nzuri, zina mabwawa na sanamu, na zimo kwenye tiketi hiyo hiyo. Sisi tulizipita haraka.

Fountains nawapa nyota tano, lakini kwa sharti: tengeni siku nzima, na msiiunganishe na kitu kingine.

Jumamosi ya pili tulikwenda Mount Grace, kando ya barabara ya A19, na nasema bila kusita kwamba hapo ndipo pa kuanzia kama mna siku moja tu. Haina ukubwa wa Fountains. Kanisa lake ni dogo, mnara wake mwembamba. Lakini ni mahali ambapo unaelewa mtu mmoja aliishije, kuanzia kuamka hadi kulala.

Ilianzishwa mwaka 1398 kwa ajili ya Wakartusi, shirika la watawa wa upweke. Hawa hawakulala pamoja wala kula pamoja siku za kawaida. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake ndogo ya ghorofa moja na bustani yake, imezungushiwa ukuta mrefu, na nyumba zote zimezunguka uwanja mmoja mkubwa wa majani. Mojawapo imejengwa upya, ina vyumba vya chini vya kuishi, kusoma, kulala na kusali, na ghorofani mahali pa kufuma. Nje kuna vitanda vya mboga na mitishamba. Mwisho wa bustani, kupitia njia yenye paa, kuna choo juu ya mfereji unaotiririka. Maji safi yalitoka kwenye chemchemi za kilimani kwa mabomba hadi kwenye kila nyumba. Mwanzoni mwa karne ya 15! Kijana wangu, ambaye ni fundi bomba, alipiga magoti kutazama ile mifereji na hatukuweza kumwondoa.

Kando ya kila mlango kuna tundu ukutani la kupitishia chakula, na limepinda kona. Anayeleta anaweka upande huu, mtawa anachukua upande ule, na hawaonani hata uso. Mama aliingiza mkono wake hadi kwenye kona, akautoa, akauingiza tena. Akamuuliza yule mama wa makamo anayehudumia wageni, nami nikatafsiri: "Akiugua, nani alijua?" Yule mama alijibu vizuri sana, kwa subira. Alisema chakula kisipochukuliwa, aliyekileta angejua. Na walikutana kanisani usiku kwa sala, na siku za Jumapili walikula pamoja.

Mama alifikiri. Akasema kwamba amelea watoto sita na wajukuu wanne katika nyumba ya vyumba vitatu, na kwamba hajawahi kuwa na chumba ambamo anaweza kufunga mlango akasali bila mtu kuita. Halafu akaketi kwenye benchi la bustani ya yule mtawa, akatoa rozari. Nikamchukua kijana tukaenda kunywa chai. Tuliporudi baada ya muda alikuwa bado hapo, macho yamefumbwa, kitenge kimefunika magoti.

Angalizo la gharama, maana hili linachanganya wengi. Kuna vyama viwili vya kutunza majengo ya kale: National Trust na English Heritage. Mount Grace ni mali ya National Trust lakini inaendeshwa na English Heritage, na mwanachama wa chama chochote kati ya hivyo viwili huingia bure siku za kawaida. Fountains pia ni ya National Trust, na wanachama wa English Heritage huingia bure. Rievaulx, tuliyokwenda Jumamosi ya tatu, ni ya English Heritage. Kwa hiyo kwa safari ya abasia za Yorkshire, uanachama wa English Heritage unawafikisha mbali zaidi. Kabla ya kuondoka nyumbani someni siku na saa kwenye tovuti zao, hasa miezi ya baridi.

Na kama hamna gari, pangeni vizuri. Miaka kadhaa iliyopita nilijaribu kwa basi, nikakosa la mwisho, teksi niliyoagiza haikutokea, nikasimama kwenye mvua saa mbili nikiwa na zamu ya usiku inanisubiri. Watu watano mkichanga petroli mnatoka salama.

Jumamosi ya tatu, Rievaulx. Barabara inashuka kwenye msitu, inapinda, na ghafla matao yanatokea kati ya miti. Mama alisema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Walikuja wamonaki 12 kutoka Clairvaux huko Ufaransa, mwaka huo huo wa 1132, kwenye ardhi waliyopewa na Walter Espec. Bonde ni jembamba kiasi kwamba kanisa halikuweza kuelekea mashariki kama desturi. Limelazwa karibu kaskazini kwa kusini. Sehemu ya altare bado imesimama hadi karibu kileleni, safu tatu za madirisha, mbingu ndani yake.

Aliyenivutia hapa ni abati wa tatu, Aelred, aliyeongoza tangu 1147 hadi kifo chake Januari 1167. Walter Daniel, mmonaki aliyeishi naye, aliandika kwamba watawa walifika 140 na mabruda na wafanyakazi 500, na siku za sikukuu walijaa kanisani kama nyuki mzingani. Aelred aliugua miaka yake ya mwisho, maumivu ya viungo na mawe ya figo, akajengewa kijumba kando ya nyumba ya wagonjwa. Vijana wa abasia walikuwa wakiingia humo 20 au 30 kwa mara moja, wakikaa hadi kwenye kitanda chake, wakizungumza kama watoto na mama yao. Mimi ni muuguzi. Nimeona wakubwa wengi wanaougua na kufungiwa mlango kwa ajili ya heshima yao. Nilisimama muda mrefu pale nyuma, kwenye misingi ya nyumba ya wagonjwa, ambako karibu hakuna mgeni anayefika.

Byland ni mwendo mfupi kutoka hapo, kiingilio ni bure, na inatosha saa moja. Nusu ya dirisha la duara imebaki angani, dirisha ambalo upana wake ulikuwa kama mita 8. Chini kuna sakafu za vigae vya kijani na manjano vya enzi zile zile, pale pale vilipowekwa. Wamonaki wa Byland walihamahama miaka mingi kabla ya kutulia hapo mwaka 1177. Mahali pamoja walipokaa palikuwa karibu mno na Rievaulx, hata kila upande ukasikia kengele za upande wa pili, usiku na mchana, zikawachanganya saa za sala. Ikabidi wahame. Mama alifurahia habari hiyo kuliko zote. "Kengele ni mbili, utamfuata nani?"

Nyingine kwa kifupi. Whitby ina upepo mkali na ngazi 199, sikumpeleka Mama, lakini wanawake wenzangu nendeni: Mtakatifu Hilda aliianzisha mwaka 657 akatawala wanaume na wanawake, na sinodi ya 664, mkutano mkuu wa Kanisa, ikafanyika kwake. Kirkstall iko hapa hapa Leeds, nzuri kwa watoto. Barabara kuu ilipita katikati ya kanisa lake hadi 1827. Jervaulx ni ya watu binafsi, unaweka hela kwenye kisanduku, na maua ya porini yameachwa yamee kwenye kuta. Jibini la Wensleydale asili yake inatajwa kuwa ni watawa wa huko. Abati wake wa mwisho, Adam Sedbar, aliuawa mwaka 1537 baada ya watu wa kaskazini kuinuka kumpinga Mfalme.

Maana hilo ndilo Mama alilokuwa akingoja nilieleze. Kati ya 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alifunga nyumba zote za watawa. Rievaulx ilifungwa 1538, Fountains na Mount Grace mwaka uliofuata. Mapaa yaling'olewa kwa sababu ya madini ya risasi, yakayeyushwa hapo hapo. Kasisi mmoja aitwaye Michael Sherbrook aliandika baadaye jinsi ilivyokuwa Roche, kusini mwa Yorkshire: viti vya mbao vya wamonaki vilichomwa ili kuyeyushia risasi, na kurasa za vitabu vya sala zikazibia matundu ya turubai za mikokoteni. Walioiba walikuwa majirani. Sherbrook alimuuliza baba yake, ambaye alinunua sehemu ya mbao za kanisa, kama aliwaona wamonaki kuwa watu wabaya. Hapana, baba akasema, hakuwa na sababu. Basi kwa nini ulichukua? Akajibu kwamba aliona vyote vinakwenda, naye akafanya kama wengine.

Tulikuwa tumekaa Byland, tunakula sambusa nilizofungasha kwenye karatasi ya foili. Mama hakumaliza yake. "Kwetu walichoma mwaka 1905, wakati wa Maji Maji," akasema. "Bibi yangu alisimulia. Lakini walijenga tena. Huku mbona hawakujenga?"

Nikamwambia, inuka Mama, twende, nikuonyeshe.

Ampleforth haiko mbali na Byland. Wamonaki wa Kibenediktini waliofukuzwa Ufaransa wakati wa mapinduzi walifika hapo mwaka 1802, na mpaka leo wapo. Kanisa lao ni la karne ya 20, halina umaarufu wa watalii. Tuliingia tukakaa nyuma. Masifu ya Jioni yakaanza, kwa Kiingereza, lugha ambayo Mama haijui zaidi ya salamu. Wakaimba zaburi upande huu na upande ule. Zaburi ilipokwisha, kabla sijatambua wamefika "Atukuzwe Baba", nilimwona Mama pembeni yangu ameshainama kiuno pamoja nao, na akainuka nao sawasawa.

Kuingia ni bure. Saa za sala zinatangazwa kwenye tovuti yao. Fikeni mapema kidogo, na mzee wenu akae mahali atakapoona viti vya wamonaki.